Maswali ya Wasomaji: Mitishamba, Kutoka Bustanini Hadi Kikombeni

Niliwaomba wasomaji waniandikie kuhusu mitishamba wanayoipanda na kuitumia wenyewe, na barua nyingi zilizokuja zinauliza mmea fulani unatibu nini. Hizo nimeziweka kando kwa sasa. Nimechagua zile ambazo mwandishi ameeleza alichokifanya kwa mikono yake, kwa sababu humo ndimo dawa na sumu zinapoachana njia: katika sehemu ya mmea iliyochukuliwa, namna ilivyoandaliwa, na hali ya mwili wa aliyekunywa.

Swali: Nina mshubiri mkubwa kwenye chungu. Nilisikia kwamba unasafisha tumbo, nikakata jani moja, nikalisaga lote pamoja na ganda lake, nikanywa glasi nzima. Usiku kucha tumbo lilinisokota na niliharisha hadi nikaishiwa nguvu. Rafiki yangu hunywa mshubiri kila siku na hapati shida yoyote. Je, mmea wangu ni wa aina mbaya?

Jibu: Pole sana. Mmea wako huenda hauna kasoro yoyote. Kilichokuumiza ni ganda. Jaribu jambo hili bila kunywa chochote. Kata jani la chini lililokomaa, karibu kabisa na shina, kisha utazame pale lilipokatwa kabla hujapafuta. Pembezoni, chini kidogo tu ya ngozi ya kijani, utaona matone ya utomvu wa manjano yakichuruzika na kugeuka kahawia yanapokauka. Katikati pametulia ute mweupe wa maji, unaoteleza vidoleni kama ute wa yai. Hivyo ni vitu viwili tofauti ndani ya jani moja. Tunaposema kwamba jambo ni chungu kama shubiri, uchungu tunaousema ni wa utomvu ule wa manjano, kwa kuwa ute wenyewe karibu hauna ladha.

Utomvu huo una aloini, ambayo bakteria wa utumbo mpana huigeuza kuwa kichokozi kikali, na utumbo hujibu kwa kujikaza na kumwaga maji. Kwa karne nyingi ulitumika kama haluli. Hata hivyo, mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliuondoa katika orodha ya haluli zinazoruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa usalama wake. Anayeharisha kwa namna hiyo siku baada ya siku hupoteza potasiamu, na upungufu wa potasiamu huvuruga mapigo ya moyo, hasa kwa mtu anayetumia dawa za moyo au zile za kupunguza maji mwilini. Zaidi ya hapo, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka dondoo la jani zima la mshubiri katika kundi la 2B, yaani la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu.

Rafiki yako, bila shaka, hunywa kinywaji ambacho utomvu wake umeondolewa, au humenya jani lake vizuri kuliko ulivyofanya wewe. Ukitaka ute kwa ajili ya ngozi iliyobabuka kwa jua au kuungua kidogo, simamisha jani wima ndani ya kikombe, upande uliokatwa ukiwa chini, uliache robo saa au zaidi mpaka utomvu uishe kuchuruzika, kisha lioshe, limenye kwa unene pande zote, na uuoshe ute wenyewe tena. Paka kidogo kwanza kwenye mkono kwa ndani na usubiri siku moja uone kama ngozi itawasha. Mimi ningeishia hapo kwenye ngozi. Sioni sababu ya kunywa mshubiri wa chunguni, tena ukizingatia kwamba jamii hiyo ya mimea ina spishi zaidi ya 500, na baadhi yake zina sumu isiyohusiana kabisa na aloini.

Kuhusu chungu chenyewe, mshubiri hufa kwa kunyweshwa mara nyingi kuliko unavyokufa kwa kiu. Changanya mchanga mwingi kwenye udongo, hakikisha chungu kina tundu chini, na usimwagilie tena mpaka udongo uwe umekauka.

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Mama mkwe wangu ameniletea miche na kuniambia majani yake ni dawa ya kifua. Jina analoutajia mmea huo, mimi nimelikuta tangu utotoni likiwa la mmea mwingine kabisa. Sitaki kumvunjia heshima kwa kuikataa, lakini nitajuaje nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Inawezekana nyote wawili mko sahihi, na hapo ndipo penye hatari. Jina la mmea katika lugha ya kila siku ni kama jina la utani: mimea mitatu inaweza kuitwa jina moja, na mmea mmoja ukawa na majina kumi. Ndiyo maana wataalamu bado wanatumia majina ya Kilatini yenye maneno mawili, kwa mtindo ulioenezwa kwa mimea yote na Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753. Majina hayo si ya kujionyesha. Ni kinga.

Nitakupa mfano mmoja ambao sijawahi kuusahau tangu niusome. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchini Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakitibiwa unene walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmoja kati ya mimea iliyotakiwa kuwamo ni Stephania tetrandra, ambao kwa Kichina huitwa han fang ji. Kilichoingia ni Aristolochia fangchi, ambao huitwa guang fang ji. Tofauti ni neno moja la mbele, na ukishakuwa unga hakuna jicho linaloweza kuitambua. Aristolochia ina asidi inayoua figo, na zaidi ya wanawake 100 walipata ugonjwa wa figo. Wengi wao waliishia kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo nyingine, na baadhi walipata saratani ya njia ya mkojo baadaye.

Huo ulikuwa mkanganyiko wa kibiashara, lakini bustanini pia yapo ya namna hiyo. Kabla ya kutoa maua, majani ya Digitalis purpurea, mmea unaosimamisha moyo, yanafanana sana na majani ya Symphytum officinale, ambayo watu huyachuma kwa chai. Yote ni mapana, yana manyoya, na yamejipanga chini kama sahani. Ukitazama kwa karibu, ukingo wa jani la Digitalis una vijino vidogo, wa Symphytum hauna. Watu wamelazwa hospitalini kwa kutotazama ukingo huo. Nami naongeza kwamba hata aliyechuma Symphytum yenyewe hakuwa amechuma salama, kwa sababu ina alkaloidi zinazoharibu ini polepole pale inaponywewa mara kwa mara.

Basi pokea miche kwa mikono miwili na uipande, maana kupanda si kunywa. Isubiri itoe maua, kwa kuwa ua ndilo linaloutambulisha mmea kuliko jani. Kisha kata tawi lenye majani, ua na, ikiwezekana, tunda, ulilaze kati ya kurasa za gazeti chini ya vitabu vizito kwa wiki moja, na ulipeleke kwenye idara ya mimea ya chuo kikuu au kwenye hifadhi yoyote ya mimea iliyokaushwa. Picha ya simu husaidia kuanza kutafuta, haitoshi kumaliza. Na tafadhali usijaribu kuutambua mmea kwa kuuonja. Mama mkwe hatakasirika ukimwambia kwamba unataka kulijua jina lake kamili ili uwafundishe wajukuu zake.

Swali: Nimepanda pakanga, na inastawi sana. Nimesoma kwamba dawa za kisasa za malaria zinatokana na mmea huu huu. Kwa nini basi nisichemshe majani yangu mwenyewe kila mtoto anapopata homa, badala ya kumeza vidonge vilivyotokana na kitu kilekile?

Jibu: Hili ndilo swali lililoulizwa na wasomaji wengi kuliko yote, nami nitalijibu kwa kirefu kwa kuwa lina mantiki, isipokuwa neno moja tu: "kilekile".

Ni kweli kwamba artemisinini ilipatikana katika Artemisia annua, ambao ndio pakanga unaotajwa zaidi katika habari za malaria, na kwamba mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini tazama jinsi alivyoipata. Yeye na wenzake walipochemsha mmea huo, matokeo yalikuwa dhaifu na hayakutabirika. Tu akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, ambaye alielekeza konzi ya majani ilowekwe majini, ikamuliwe, na maji yake yanywewe. Hakutaja moto. Tu alihisi kwamba joto ndilo lililokuwa likiiharibu dawa, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata dondoo lililofanya kazi. Kwa maneno mengine, aliyegundua dawa hiyo aligundua kwanza kwamba sufuria inayochemka ndiyo adui yake.

Liko na suala la kiasi. Majani makavu ya pakanga yanaweza kuwa na artemisinini chini ya asilimia 0.1 au zaidi ya asilimia 1, kutegemea mbegu, udongo, siku ya kuvuna na namna ya kukausha, na kwa macho au kwa harufu huwezi kuitambua tofauti hiyo ya mara kumi. Artemisinini pia haiyeyuki vizuri majini, hivyo sehemu yake kubwa hubaki kwenye makapi unayoyamwaga. Kikombe cha leo na cha kesho, kutoka kichaka kimoja, si dawa moja.

Jambo la tatu ndilo zito. Artemisinini hupotea mwilini ndani ya saa chache. Ndiyo maana dawa mseto huiunganisha na dawa nyingine inayokaa muda mrefu ili imalizie vimelea vilivyobaki. Chai haina mwenzake huyo. Homa inaweza kushuka, mzazi akashukuru, na vimelea vichache vilivyosalia vikazaliana upya. Na vile vilivyozoea dozi ndogo ndivyo vinavyoleta usugu. Kwa sababu hizo Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo mwaka 2012, na tena mwaka 2019, kwamba halipendekezi majani ya Artemisia kwa namna yoyote, iwe chai, unga au vidonge vya majani, kwa kutibu au kuzuia malaria.

Kwa mtoto, malaria kali inaweza kuua ndani ya siku moja au mbili tangu homa ianze. Apimwe siku hiyohiyo, na malaria ikionekana apewe dawa mseto kwa siku zote tatu. Pakanga yako iache istawi. Ina harufu nzuri. Kumbuka tu kwamba mbegu zake ni ndogo kama vumbi na zinahitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo zinyunyizwe juu ya udongo bila kufukiwa.

Swali: Nilikausha mchaichai na majani ya mnanaa nikayafungia kwenye mfuko wa plastiki. Sasa yana madoa meupe na harufu ya ukungu. Nikiyaanika tena juani yatafaa?

Jibu: Hayatafaa. Jua huua ukungu ulio juu, lakini baadhi ya ukungu huacha sumu ambazo haziondoki kwa kuanika wala kwa kuchemsha. Yamwage.

Mara nyingine vuna asubuhi umande ukishakauka, kabla mnanaa haujatoa maua, na utenganishe magugu palepale shambani ungali unaona umbo la kila jani. Mnanaha (si mnanaa, bali gugu lenye sumu la jamii ya Datura) ukiota katikati ya mstari na kuvunwa pamoja na mengine, ukishakauka na kusagwa hakuna atakayeutambua, na majani machache yake yanatosha kumfanya mtu aweweseke na mboni zake zitanuke. Tandaza majani kwa tabaka jembamba kivulini penye upepo. Yamekauka pale jani linapovunjika kwa sauti na uti wake kukatika badala ya kujikunja. Likijikunja kama ngozi, bado lina maji. Yahifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, mahali pa giza, na uandike jina la mmea, sehemu iliyochumwa na tarehe. Andika siku ileile. Mimi niliwahi kujiamini kwamba nitakumbuka, na miezi minne baadaye nikawa na chupa mbili za unga wa kijani zisizokuwa na jina, nikizinusa moja baada ya nyingine kama paka. Zote mbili nilizimwaga.

Swali: Natumia dawa ya kuzuia damu isigande, na baada ya miezi miwili nitafanyiwa upasuaji wa goti. Pia nameza vidonge vya kitunguu saumu na unga wa majani ya mlonge kila asubuhi. Daktari hajaniuliza kuhusu mitishamba, nami sikumwambia, kwa kuwa hivi ni vyakula tu.

Jibu: Mzee wangu, mwambie wiki hii, usisubiri siku ya upasuaji. Kitunguu saumu hupunguza kushikamana kwa chembe zinazogandisha damu, na kidonge chake kina dondoo lililokolezwa. Hakilingani na punje mbili kwenye chungu cha mboga. Ikiwa dawa yako ni warfarini, basi mlonge una tatizo la upande wa pili: majani ya kijani yana vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Kimoja kinasukuma huku, kingine kinavuta kule, na daktari anapandisha na kushusha dozi bila kujua ni nani anayemchezea. Usiache vyote ghafla kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa sababu dozi yako ya sasa huenda ilipangwa vikiwamo mwilini. Kuviacha bila kupima damu upya kunaweza kuiharibu dozi hiyo. Wataalamu wa usingizi kwa kawaida hushauri mitishamba isimamishwe angalau wiki mbili kabla ya upasuaji, lakini kwa hali yako tarehe hiyo aipange daktari.

Nawe usidhani kwamba dhana ya "chakula tu" ni yako peke yako. Mwaka 2000 madaktari waliripoti wagonjwa wawili waliokuwa wamepandikizwa moyo, ambao miili yao ilianza kuukataa moyo huo baada ya kunywa Hypericum perforatum, mmea unaotumika sana kwa huzuni. Mmea huo huliamsha ini lizalishe zaidi vimeng'enya vinavyovunja dawa, na siklosporini, dawa ya kuzuia mwili usikikatae kiungo kilichopandikizwa, waliyokuwa wakimeza ikawa inavunjwa kabla haijafanya kazi. Kwa njia hiyohiyo hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI. Utafiti mwingine, kwa watu wenye afya njema, ulionyesha kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kwa takriban nusu kiwango cha sakwinaviri, dawa mojawapo ya virusi vya UKIMWI, damuni. Aliyemeza mchanganyiko wa namna hiyo hahisi chochote. Dawa inashindwa kimya.

Beba chupa na paketi zenyewe unapokwenda kumwona daktari. Kusema "nakunywa kitu fulani cha kijani" hakumsaidii.

Swali: Mjukuu wangu ana miezi minne na pua imeziba. Jirani amenipa mafuta ya mwarobaini nimpe matone mdomoni, na mafuta ya mkaratusi nimpake puani. Je, ni salama?

Jibu: Hapana, bibi, yote mawili. Taarifa za kitabibu kutoka Malaysia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, zinaeleza watoto wadogo waliopewa mafuta ya mwarobaini kwa kunywa, wakaanza kutapika, kusinzia, kupumua kwa kasi na kupata degedege, na wengine wakafa. Mafuta ya mkaratusi nayo yamewatia watoto sumu kali kwa kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na mvuke wake mkali puani unaweza kuibana njia ya hewa ya mtoto mchanga. Chai ya majani na mafuta yaliyokamuliwa kutoka majani hayohayo havilingani hata kidogo, kwani chupa ndogo hubeba nguvu ya kapu zima.

Mdondoshee matone ya maji ya chumvi ya dawa puani kabla ya kunyonya, na aendelee kunyonya mara kwa mara. Asali pia asipewe kabla hajatimiza miezi 12. Akipumua kwa kasi, kifua kikibonyea ndani au akikataa kunyonya, mpelekeni hospitali mara moja. Mafuta mliyopewa yawekeni mahali ambapo hata mtoto anayepanda viti hatayafikia.

Swali: Mnanaa wangu umekula bustani nzima. Nikiung'oa, baada ya wiki mbili umerudi. Nifanyeje?

Jibu: Mnanaa hutembea chini ya udongo kwa vishina vyeupe, na kila kipande chenye fundo unachokiacha ni mche mpya. Legeza udongo kwa uma wa bustani badala ya kukata kwa jembe, fuata kila kishina mpaka mwisho wake, na urudie kila yanapojitokeza machipukizi. Vipande vitatu au vinne virudishe kwenye chungu kipana, ukiweke juu ya jiwe au tofali, kwa maana ukikiweka juu ya udongo mizizi itapita kwenye tundu la chini na utaniandikia tena.